Taruma la Nne

Siku ya nne mashua ilipumzika. Hayo ndiyo yalikuwa mapatano. Kwa hiyo Loisi alishangaa, aliposhuka asubuhi kuchota maji, kuikuta imelowa hadi kwenye tanga. Ndani yake samaki watatu walikuwa wamepangwa sawasawa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na macho. Palinukia udi. Tangu reli ya Wadachi ipite, Bahi yote ilinukia ng'ombe, vumbi na moshi wa garimoshi. Udi hakuna aliyekuwa nao.

"Labda Fundi alivua usiku," mumewe Matonya alisema.

"Fundi anaogopa hata chura usiku," Loisi akamjibu.

Mashua ilikuwa ya watu watatu. Bashiri, seremala wa Pangani aliyebaki Bahi reli ilipokwisha kujengwa, ambaye wote walimwita Fundi, ndiye aliyeiunda. Methusela, kibarua wa stesheni, alileta mbao za masanduku na turubai la hema kuukuu, likashonwa tanga. Matonya, ambaye maisha yake yote alijua ng'ombe tu, alitoa fahali wa mkewe, akabadilishwa kwa misumari na kamba. Masika yakijaza mbuga, Bahi huwa ziwa, na kambare huwa wengi kuliko wavuvi. Kila mwenzi alikuwa na zamu ya siku moja.

Siku ya kuishusha majini, Bashiri alifuata desturi ya kwao. Kila mwenye chombo alishika mti mmoja wa ubavu wa mashua, ambao mafundi huuita taruma, na jina lake likatajwa. Mataruma yalikuwa manne. Likibaki moja, husemwa, "Hili la chombo chenyewe," basi, kazi imekwisha. Lakini Methusela, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, alidakia: "Hilo la mwenye maji!"

Watu wakacheka. Bashiri hakucheka. Alijua palepale kwamba neno lile lazima lifutwe kabla chombo hakijagusa maji. Ila alikuwa amejisifu mwezi mzima kwamba katika mambo ya vyombo hakuna asilolijua, akaona haya kuanza kuomba radhi maji mbele ya wafugaji. Akanyamaza. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na kinachoudhi ni kwamba mara nyingine huanza na jirani yake.

Siku ya nne iliyofuata, baada ya wale samaki wasio na macho, mashua ilitoka yenyewe. Methusela aliiona mchana kweupe ikikata maji, tanga limejaa, na matete ya ukingoni hayatikisiki. Alikimbia hadi stesheni akipiga kelele: "Fungu langu silitaki! Achukue atakayechukua!" Akapanda garimoshi la Dodoma, asionekane tena. Tangu hapo mashua ikawa inatoka yenyewe siku mbili katika kila nne.

Loisi alimsihi mumewe aiache.

"Fahali wako nimemtia mle," Matonya alisema. "Nikiiacha sasa, nitakutazama vipi?"

Zamu yake ilipofika akaenda.

Saa sita, jua liko utosini, Loisi alisikia anaitwa. Alikimbia hadi majini akamkuta hatua arobaini tu kutoka ukingoni, mahali ambapo jana yake mbuzi walisimama wakinywa, naye anapiga kafi, anapiga kafi, jasho linamtiririka hadi kiunoni, na mashua haisogei hata kwa upana wa kidole, ingawa tanga limevimba kwa upepo ambao Loisi hakuusikia usoni wala kwenye kaniki yake, na ile harufu ya udi imetanda nzito hata mate yakawa machungu kinywani.

"Shuka!" alipiga kelele. "Shuka utembee!"

Matonya alishusha mguu, akaushusha hadi paja, kisha akaung'ang'ania ubao kwa mikono miwili na kujivuta juu.

"Hapana chini," alisema kwa sauti ndogo. "Loisi, hapa hapana chini."

Bashiri alifika na chetezo cha ubani mkononi. "Ni mimi," alinong'ona. "Nilijua siku ile, nikanyamaza."

Loisi alitamani kumzaba kofi, lakini hakuwa na nafasi. "Afanyeje atoke, Fundi?"

"Aseme fungu lake analitoa, na amtaje anayempa. Methusela hakumtaja mtu, ndiyo maana yule amelichukua."

"Matonya! Sema unalitoa! Sema!"

Matonya akafungua mdomo. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza sokoni, nusu Kigogo, na mkewe alimcheka kila siku. Sauti iliyotoka ilikuwa laini, ya mtu aliyezaliwa na kulelewa pwani.

"Karibu, Fundi. Hatukuamkiana siku ile uliponikabidhi fungu langu. Mgeni wangu huyu hatasema kitu. Ulimi wake ninao."

Chetezo kilimponyoka Bashiri. Loisi aliingia majini hadi magotini, akasimama hapo.

"Taruma la tatu lilitoka kwa fahali wangu, niliyepewa na baba yangu," alisema. "Mwenyewe ni mimi. Nimelitoa!"

"Unampa nani?" sauti ile iliuliza.

Mkono wake uliinuka kabla hajafikiri. Ulimwonyesha Bashiri.

"Fundi," alisema.

"Nimepokea," Bashiri alisema, na machozi yakamtoka.

Mashua ikagusa ukingo. Matonya alidondoka matopeni akihema, na Bashiri akapanda mahali pake bila kuambiwa, maana siku ile ilikuwa zamu ya taruma la tatu.

Masika yalikwisha. Kufikia mwezi wa saba maji ya Bahi yalikuwa yamekauka, ardhi imepasuka, na ng'ombe walipita palipokuwa na kambare. Mashua ilikaa katikati ya mbuga, wima, bila kuegemea upande. Bashiri alikuwa bado yumo tangu siku ile. Wanaume walimrushia kamba wamvute. Ilikatika, na kipande walichobaki nacho kilikuwa kimelowa. Kila siku Loisi alimpelekea ugali wa uwele na mlenda.

"Fundi, shuka," alimwambia siku moja, akikanyaga kwa kishindo. "Tazama, ni udongo mtupu."

"Wewe ndiye unayeona udongo," Bashiri alisema. "Mimi naona maji yamekufika shingoni."

Loisi akatazama miguu yake mikavu.

"Nina mafungu mawili, langu na lile ulilonipa," Bashiri akaendelea, taratibu, kama anayeomba chumvi. "Wewe pokea moja. Matonya apokee moja. Nami nishuke, mwanangu."

Loisi alijua kwamba Bashiri ana haki ya kuomba. Mumewe alikuwa nyumbani, mzima, akikamua ng'ombe, kwa sababu mtu huyu alisema neno moja. Aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto. Akaweka bakuli juu ya ubao, akiangalia vidole vyake visiguse mbao.

"Kesho nitakuletea maziwa," alisema.

Akaondoka upesi, na njia nzima hadi ukingoni, bila mwenyewe kujua, alikuwa ameishikilia kaniki yake juu ya magoti isilowe.