Mkono Uliozibwa Tundu

Sogea hapa. Funga huo mlango kwanza, halafu niapie kwa mama aliyekuzaa kwamba hili ninalokumegea halitoki mdomoni mwako. Si kwa jirani, si kwa shoga yako, si kwa mumeo mkiwa kitandani, maana huko ndiko unakomwaga kila kitu, nakujua! Haya. Umeapa. Ukivunja shauri yako.

Unamjua Bwana Gundi? Yule fundi wa sanamu za madukani, anayetembea vidole vimenatana kama vya bata. Ndiye aliyetengeneza lile jino kubwa la mlangoni kwa daktari wa meno, lile watoto wakiliona wanakimbia. Mkewe ni fundi cherehani, watu wanamwita Mama Uzi. Mwanamke ana mikono yule! Akikushonea gauni unadhani umezaliwa nalo.

Sasa, muuza pete mmoja akataka mkono wa mwanamke, mkubwa, urefu wa mtu mzima, usimame mlangoni mwa duka lake umevaa pete. Bwana Gundi akasema, mkono nitautafuta wapi tena, na ninao nyumbani? Wakimaliza kula mchana anamkalisha mkewe chumba cha nyuma, mkono wa kulia juu ya meza, anauangalia weee, anakunja waya mnene kidole kwa kidole, anaviringisha magazeti juu yake, ndani panabaki patupu, anavalisha ile karatasi ya fedha ya kufungia chakula, halafu juu yake anapaka udongo wa plastiki. Si udongo wa shambani huo. Haukauki kwa jua wala kwa upepo, unabaki laini mpaka uupige moto. Ila ukitoka dukani ni mgumu kama sabuni ya mwaka jana, lazima ukandwe na mikono yenye joto. Na mikono ya Bwana Gundi, jamani, ina baridi kama chura! Basi Mama Uzi ndiye aliyeukanda wote. Kila tonge lililopakwa pale lilipita viganjani mwake.

Dada yake Bwana Gundi, anayekaa nao, kila akipita mlangoni anatia neno.

"Pole, wifi. Naona kaka alioa mkono tu, mwili umekuja kama nyongeza."

"Angalau changu kiganja kinaangaliwa. Wewe nani kakuangalia hata unyayo?"

Wakicheka hao, nyumba inatikisika.

Lilianza jambo dogo tu. Asubuhi Mama Uzi anampa mumewe chai, Bwana Gundi akaona kidole cha shahada cha mkewe kimekuwa safi. Pale palikuwa na kovu, sindano ya cherehani ilimpitia zamani, kovu analolijua kuliko jina lake mwenyewe.

"Kovu lako liko wapi?"

Mkewe akageuza kidole huku, akakigeuza kule. "Limefutika. Labda huo udongo wako ni dawa."

Wakacheka. Bwana Gundi akaenda chumba cha nyuma kuanza kazi, na kovu akalikuta huko, kwenye kidole kinene kama paja, limechorwa vizuri kabisa. Na yeye hakulichora.

Akalifunika kwa gazeti, akaendelea na kazi. Wanaume! Lakini tangu hapo akawa akiugusa ule mkono anaukuta na joto, joto la godoro mtu akishaamka tu. Moto hajaupiga bado, ila chumba kinanuka kucha zilizoungua. Wakiwa mezani, mchana kweupe, wanasikia chumba cha nyuma ki, ki, ki, kama kucha kubwa zinajaribu sakafu. Wote wanatafuna polepole. Na Mama Uzi akawa anashika kikombe kinaanguka, hajui kimeanguka mpaka asikie kimevunjika, na alipofungua kiganja chake cha kulia mbele ya mumewe hakikuwa na mstari hata mmoja, laini tupu, kama sahani.

"Silisikii tena kitambaa," alinong'ona. "Nashona kwa macho, baba. Nitakula nini mimi mkono huu ukifa?"

Wifi akamvuta kaka yake uani, sauti chini. "Kitu chenye umbo la mtu, ndani kitupu, mlango wazi, unakiacha kinalala hivyo? Umekaribisha mpangaji."

"Mlango gani?"

"Lile tundu la kwenye kifundo cha mkono."

"Lile la hewa. Nikiliziba, moto ukipita, hewa ya ndani inavimba, mkono unapasuka."

"Haya. Na huyo aliyemo unadhani ameumbwa kwa nini, kama si kwa hewa?"

Bwana Gundi akaenda kuweka sikio pale kwenye tundu, akidhani atacheka akirudi, na alichosikia ni pumzi, pumzi ya mtu aliyekimbia kutoka mbali akafika akatulia, inaingia, inatoka, inamlowesha shavu, na hapo hofu ikamgeuka ikawa hasira, akakamata bonge la udongo lililobaki akalisukuma kwenye lile tundu kwa ngumi, akalisawazisha, akawasha mashine yake ya kupuliza hewa ya moto, akaanza kuuchoma ule mkono kidole kwa kidole, kucha kwa kucha, jasho linamwagika, anasema pasuka, pasuka naye humohumo, pasuka mwanaharamu wewe, mpaka udongo wote ukaiva ukawa mgumu kama mfupa.

Haukupasuka.

Akakaa chini akalia kwa furaha. Akaugonga, ukalia kama debe tupu, baridi, umekufa. Akakimbia kwa mkewe. Mama Uzi alikuwa amesimama katikati ya chumba, ananyoosha vidole. Mistari imerudi. Kovu limerudi. Bwana Gundi akakibusu kile kiganja kama bwana harusi.

Masikini. Fundi mzima asijiulize! Kilichozibwa kikiwa na pumzi ndani kinapasuka, si alisema mwenyewe? Huu haukupasuka kwa sababu mwenye hiyo pumzi alishatoka.

Mteja wa kwanza alirudi na gauni halina pa kutokea kichwa. Shingo imeshonwa, mshono mzuri ajabu. Wa pili suruali, miguu imefungwa chini. Mifuko imezibwa, matundu ya vifungo yamezibwa, foronya zimezibwa hazina mto ndani.

"Si mimi," Mama Uzi akamwambia mumewe, sauti ya mtu anayeogopa kusikiwa na mwili wake. "Mkono unakwenda wenyewe. Mimi nauangalia tu."

Wakamleta mganga. Akaushika mkono wa Mama Uzi, akauzungumzisha, akaunusa. Akauachia taratibu kama mtu anayeweka yai.

"Mlidhani mmemfungia ndani. Mmemfungia nje. Nyumba yake ameikuta imezibwa, ya pili iliyofanana nayo ilikuwa hii hapa."

"Mtoe basi!" akasema Bwana Gundi.

"Nimpeleke wapi? Anataka kilicho laini, chenye joto la huyu mama. Kile ulichokichoma kimeshaiva, hakirudi nyuma. Tengeneza kingine kama kile, akande mwenyewe, kiache wazi. Labda."

Bwana Gundi akaleta udongo mpya, akauweka mezani mbele ya mkewe. Mama Uzi akapeleka mkono. Ukifika juu ya udongo unajikunja, unakuwa ngumi. Wakavuta vidole, mume na wifi, wakavuta mpaka Mama Uzi akapiga kelele, ngumi haikufunguka. Siku nyingine tena, vilevile. Mganga akachukua viatu vyake, akavivalia njiani.

Ule mkubwa uko dukani kwa muuza pete mpaka leo. Hauna neno. Watu wanapiga nao picha.

Na usiniulize haya nimeyatoa wapi. Ni Bwana Gundi mwenyewe kanieleza juzi, kakaa hapohapo ulipokaa wewe, hataki kurudi kwake, maneno yanamtoka upande mmoja wa mdomo. Nikadhani ni jino. Nikamwambia, shemeji, hebu geuka nikuone. Akageuka. Upande wa pili umeshonwa, uzi mweupe, mshono mdogomdogo, sawasawa, huwezi kuukosoa.

"Nilipitiwa na usingizi mchana," akasema.