Kokwa ya Elfu Sabini na Moja

Shariffa alikosa, na kosa lenyewe alilitenda juu ya mkeka wa msiba, akiwa na udhu. Nakwambia mapema ili usiwahi kumwonea huruma.

Aliyefariki ni mama mkwe wake, Bi Jumana wa Chumbageni. Ukoo wao una kokwa za tende elfu sabini, zimefungwa kwenye vifuko vya elfu moja moja. Akifa mtu wao, wanawake hugawana vifuko. Kila kokwa huisomea La ilaha illa Llah, kisha huitupa kwenye rundo katikati ya mkeka. Shariffa hakusoma. Bi Jumana alikuwa akimsimanga mbele ya wageni kwa kukosa mtoto, na yeye hakusahau. Wenzake walipoinama, akakimimina kifuko chake chote kwenye rundo.

Baada ya alasiri wakaanza kuzirudisha. Vifuko sabini vikajaa. Ikabaki kokwa moja.

"Nani kahesabu ovyo?" akauliza wifi yake, Sabiha.

Wakamwaga, wakahesabu upya. Ikabaki moja. Sabiha akaitupa kwenye makaa jikoni. Wakahesabu tena. Ikabaki moja. Ilikuwa ya moto.

"Kuna mtu hapa hakusoma," Sabiha akasema. "Tugawane upya, sawa kwa sawa."

Shemeji yao Ibrahimu, mwalimu wa hesabu Pongwe, alikuwa amesimama mlangoni. Akabonyeza simu, akabonyeza tena.

"Haigawiki. Elfu sabini na moja ni namba tasa. Muwe wawili, muwe thelathini, sawa kwa sawa hampati. Ama mmoja azisome zote, ama waje watu elfu sabini na mmoja, kila mtu na kokwa yake."

"Tasa?" Sabiha akamgeukia Shariffa. "Basi msomaji tunaye."

Shariffa angeweza kukiri pale pale, Mungu ni mwingi wa kusamehe. Kiburi kikamkaba.

"Sisomi ng'o. Waje hao elfu sabini na mmoja!"

Jua lilikuwa bado halijazama. Uani kukatulia.

Hodi.

Sauti ya mwanamke. Kisha ya mtoto. Kisha nyingi, zote za chini. Sabiha akachungulia dirishani, akarudi kajiziba mdomo.

"Msiitikie," akanong'ona. "Wamejaa mpaka barabarani. Wamevaa sanda."

Shariffa akaanguka juu ya rundo. Akaokota kokwa. Akasoma. Akaokota nyingine. Akasoma. Nje wakanyamaza.

Anasoma mpaka leo. Akikatizwa, zile zilizosomwa hurudi rundoni, naye huanza moja. Juzi Sabiha alimwita ale, akaitika. Kulipokucha mlango wa nje ulikuwa na alama za ngumi za udongo mwekundu, huku na huku, nyingine chini kabisa, usawa wa goti.

Ukipita Chumbageni ukasikia mwanamke anasoma ndani, nakuomba, usimsalimie.