Karibu ya Biubwa

Apa kwanza. Sema wallahi simwambii mtu, hata mume wangu. Haya, sogea.

Biubwa wa Kiegeani, yule mfinyanga vyungu, si kaletewa mashine ya kukamulia udongo! Bomba la chuma na mpini mrefu. Unashindilia udongo juu, unavuta mpini, chini unatoka kamba kamba kama tambi. Hahaa! Nilicheka mie!

Mchana, mumewe Shaibu akawa anaifunga ukutani, chumba cha uani, dirisha wamelifunga kwa vumbi, giza tii. Akigonga nyundo, ko, ko, ukuta nao unajibu ndani kwa ndani: ko, ko. Mara sauti humo humo: "Hodi."

Biubwa, mdomo ushazoea: "Karibu!"

"Weye! Unamkaribisha nani? Nyuma huko migomba mitupu!" Shaibu anacheka. Akakaza bolti ya mwisho, akatia mkono ndani ya bomba ashindilie udongo wa kujaribia.

Mpini ukashuka wenyewe. Kwaa! Mifupa ikalia kama muhogo mkavu. Shaibu anapiga ukelele, mashine inamvuta, bega linagonga ukuta, damu inamrukia Biubwa usoni. Biubwa akakamata nyundo, akalipiga lile bomba, akapiga, mpaka likang'oka na kipande cha ukuta.

Mkono ulitoka hauna kidole cha kati. Wakaupasua udongo wote, kidole hamna.

Kanihadithia Biubwa mwenyewe, na bonge la ule udongo kanionyesha. Umetafunwa, mwanangu. Meno madogo madogo, kama ya mtoto.