Karata ya Zubeir

Kadidja aligundua wizi siku ya Jumatatu, saa moja ya asubuhi, katika uwa wa nyumba yake karibu na soko la Rumonge. Aliwasha gari, akangoja kioo cha ramani kimusalimie kama kila siku. Kioo kiliwaka, kikaandika kwa Kifaransa kwamba karata, kile kikadi kidogo chenye kushika ramani, haimo. Akapapasa kitundu cha karata chini ya kioo. Kitupu.

Mulango haukuvunjwa. Redio ilikuwapo. Hata miwani ya marehemu mume wake ilikuwa mahali pake.

Gari hilo mume wake, Zubeir, alilinunua likiwa na ramani ndani, na kila mwaka alilipia ramani hiyo huku watu wakimucheka. Kutoka Bujumbura mpaka Nyanza-Lac barabara ni moja, ziwa upande huu, milima upande ule, mutu atapoteaje? Lakini Zubeir alikuwa na muchezo wake. Kila mahali alipopapenda alisimama, akaandika jina kwa kidole, na karata ikalishika. Ukipita tena, sauti ya mwanamke Mufaransa inalisoma kwa puani. Karibu na Gitaza inasema, "Kadidja alipotapika." Pale ndipo walipojua kwamba mimba ya kwanza imeingia.

Zubeir alifariki mwaka jana. Tangu hapo Kadidja alikuwa akipanda gari hata bila safari, ili asomewe yale majina.

Alishitaki polisi, na saa mbili shoferi wake Bienfait alikuwa amekwisha kufungwa kwenye kasho yao. Mbali na watu wa nyumba, yeye peke yake alijua ufunguo unapotundikwa.

Mupelelezi Dusabe alifika uwani saa tatu. Kabla ya kuuliza kitu alizunguka gari. Jumapili mvua ilikuwa imenyesha na uwa ulikuwa matope. Upande wa abiria, chini ya mulango wa mbele, aliona alama mbili za kandambili, zimekaa bega kwa bega, vidole vimeelekea gari. Akafungua. Zulia la upande huo lilikuwa safi kabisa. La upande wa shoferi lilikuwa na matope.

"Amahoro, Mama. Matope haya ni ya nani?"

"Yangu. Niliingia humo asubuhi hii."

"Na upande ule mwingine?"

"Hakuna mutu anakaa pale. Pale nilikuwa ninakaa mimi, Zubeir akiendesha."

"Bienfait aliosha gari saa ngapi?"

"Jumapili, saa nne ya asubuhi. Akarudisha ufunguo kwenye musumari, nyuma ya mulango wa jikoni."

"Na mvua?"

"Saa kumi."

"Nyumbani munakaa wangapi?"

"Mimi na mama mukwe wangu, Bibi Sumaya. Afande, unaniuliza mimi tena, na muizi umemufunga?"

 Dusabe alienda kasho. Nje, Chanceline, mke wa Bienfait, alikuwa amekaa chini na ndoo ya chakula. Saa nane gari la kupeleka wafungwa parike, kwa waendesha mashitaka, lingeondoka, na akishafika kule, mutu anaweza kukaa miezi kabla ya kuitwa jina lake.

"Afande," Bienfait alisema, "mie niibe ile karata niifanyie nini? Niile na ugali?"

"Ulimukataza mama asilipie ramani."

"Nilimukataza. Nilisema, Mama, ramani ni mie, na mie unanilisha muhogo tu."

"Jumapili baada ya mvua ulikuwa wapi?"

"Kanisani, kwaya. Tulikawia mule mpaka jioni. Uliza wote, hata wenye hawanipende."

Dusabe aliangalia mabuti yake makubwa. "Ukipanda gari unayavua?"

"Kuvua? Afande, gari si musikiti."

Dusabe akaondoka bila kuaga.

Alipita kwa Lukeba, fundi wa redio, ambaye wiki iliyopita alitaka kununua karata hiyo. Lukeba hakuficha.

"Niliiomba, ndiyo. Halafu nikajifunza. Karata kama ile imeolewa na gari moja. Ukiiweka kwa lingine, inakataa. Muizi mwenye akili angebeba redio."

Basi aliyeichukua hakutaka kuiuza. Dusabe alirudi kwa Kadidja, akauliza swali ambalo hakuwa ameliuliza: leo gari lilikuwa liende wapi?

"Bujumbura. Pale ziwa lilipokula barabara, wametoboa nyingine upande wa mulima, na ramani haiijue. Watu wa ramani walipiga telefone juzi, wakasema nilipie, wataweka mpya."

"Ulizungumza nao wewe?"

"Hapana, nilikuwa ninaswali. Mama mukwe ndiye alipokea. Aliniambia tu kwamba wananingoja Jumatatu."

Ilikuwa saa saba na nusu. Dusabe aliomba waingie ndani. Pale mulangoni alivua viatu vyake, akaviweka kando ya kandambili ndogo zenye matope makavu. Bibi Sumaya alikuwa amekaa kwenye mukeka, anachambua ndagala, visamaki vya ziwa.

"Asalamu alaykum, Bibi. Mama yangu naye anavua viatu akipanda gari. Tunamucheka sana."

"Munacheka nini? Mutu anaingia kwenye viti vya watu na matope?"

"Jana mvua ilipokatika, ulivua upande wa abiria."

Vidole vya bibi vilisimama. Kadidja akageuka.

"Mama?"

Bibi Sumaya alifungua fundo la kanga yake taratibu. Karata ilikuwa mule, ndogo kama ukucha.

"Yule kijana wa telefone," alisema, "aliniambia wakiweka ramani mpya, majina ya zamani yote yanafutika. Nikamuuliza, hata ya mutoto wangu? Akasema yote, Bibi, inakuwa safi. Alisema hivyo kwa furaha."

"Na hukuniambia," Kadidja alisema.

"Ulikuwa unasema ukilipa sauti haitakatika. Nikaona nikikuambia utadhani ninakunyima sauti hiyo. Mimi siwezi kusoma, mutoto wangu. Picha yake imenyamaza. Kile kioo ndicho bado kinasema maneno yake. Nilitaka Jumatatu ipite tu."

Kadidja alikaa chini, pale pale juu ya mukeka. "Mimi nilikuwa ninaenda kulipa ili wamufute," alisema polepole.

"Na Bienfait?" Dusabe aliuliza. "Saa nane wanamupeleka."

Bibi alifunika uso kwa kanga. "Nilidhani watamuachia. Hilo nimekosa. Nipeleke kwake."

Walifika wakati gari la parike linawashwa. Dusabe aliingia, akasema karata haijatoka nyumbani, hakuna wizi. Bienfait alipotoka, bibi alimushika mikono miwili na kumuomba musamaha mbele ya watu.  Bienfait alikaa kando ya mke wake, akala ndoo nzima.

"Nimesamehe, Bibi," alisema mwishoni. "Lakini Mama Kadidja, kazini nitarudi Jumatano. Leo na kesho niko wa Chanceline."

"Murakoze, asante," Kadidja alijibu, macho chini.

Wakarudi wawili, Kadidja akiendesha, bibi pembeni. Hawajafika soko, telefone ikalia. Ni watu wa ramani. Wanauliza mbona hakuja.

"Sitalipa," Kadidja alisema.

"Mama, kwenye barabara mpya mashine itapotea."

"Acha ipotee. Njia tunaijua."

Bibi Sumaya alimugusa mukono. "Muulize kama kule kwao hakukubaki maneno mengine ya Zubeir, yenye hatujasikia."

Kadidja alijua watasema hakuna. Hata hivyo akasimamisha gari kando ya barabara, akauliza.