Ridhaa ya Mzazi

Korido ya ofisi ya elimu ilikuwa imefurika watu kana kwamba kuna kitu kinagawiwa bure. Hakukuwa na cha bure. Kulikuwa na benchi moja, feni iliyozunguka kwa kujilazimisha, na mlango wenye maandishi: Subiri Uitwe.

Fundi cherehani alikuwa anasubiri kuitwa tangu saa mbili asubuhi. Alivaa gauni la bluu lenye kola nyeupe, alilolishona makusudi kwa ajili ya safari hii, maana alishajifunza kwamba ukiingia pale na nguo za kazini wanakuongelesha kama mtu aliyekuja kuomba maji ya kunywa. Hii ilikuwa mara ya tatu. Mara ya kwanza walisema barua ya daktari haina muhuri. Mara ya pili muhuri ulikuwepo, afisa hakuwepo.

Na shida yenyewe wala haikuwa kubwa. Binti yake wa miaka saba, ambaye mtaa mzima ulimwita Kifungo kwa jinsi alivyopenda kupanga vifungo vya nguo kwa ukubwa na rangi, alikuwa na usonji. Kusoma alijua, tena kuliko wenzake. Kilichomshinda ni kengele ya shule, kelele za watoto sitini, na mwalimu anayetoa amri tatu kwa pumzi moja. Daktari aliandika waziwazi: mtoto huyu anahitaji mwalimu msaidizi darasani. Shule ikaisoma barua, ikamtoa Kifungo darasani, ikamweka barazani na kiti chake kikitazama ukuta. Hayo ndiyo waliyoyaelewa.

"Samahani dada, hapa pana mtu?"

Fundi aliinua macho. Mwanamume mrefu, koti la machungwa lenye zipu iliyoharibika, helmeti ya pikipiki kwapani, begi la kupelekea vifurushi mgongoni, mabega yamelowa mvua.

"Pana mkoba wangu," alijibu. "Lakini mkoba hauna neno na mtu."

Jamaa alicheka, akauinua mkoba kwa adabu, akaketi. Hata hajatulia simu ikaita. "Ndiyo shangazi... Hapana! Akija kula cha mchana, sahani ya njano. Ukimpa ya bluu, Bosi hatagusa kitu. Na saa sita kamili, shangazi, si saa sita na dakika tano, atakupindulia nyumba."

Fundi alishindwa kujizuia. "Bosi gani huyo anayechagua sahani?"

"Ana miaka minane. Hajawahi kutamka neno hata moja, lakini nyumba nzima tunamtii."

Kicheko kikamkauka Fundi. "Usonji?"

"Usonji."

"Anasoma wapi?"

"Shule ya karibu na tangi la maji. Nasema anasoma, lakini wamemkalisha nje ya stoo ya mafagio."

"Wangu yuko shule hiyohiyo. Barazani." Fundi alimgeukia mzima mzima. "Mwalimu mkuu aliniambia shule nzima mtoto wa namna hii ni wangu peke yake!"

"Na mimi aliniambia hivyohivyo. Akanipa na pole."

Walitazamana. Kisha yule mpeleka vifurushi akasimama juu ya benchi, watu wakaguna, akaanza kuusoma waraka uliobandikwa juu kabisa ya ubao wa matangazo, nusu yake imefunikwa na kalenda ya mwaka juzi. Aliinua kalenda. Waraka ulisema shule yenye maombi mawili au zaidi itapangiwa mwalimu msaidizi. Yenye ombi moja, mzazi ashauriane na shule.

"Dada," alisema akishuka, "sisi ni wawili."

Siku ile waliandika maombi yao kwa kalamu moja, wakayapeleka pamoja, na wakaahidiana jambo moja mlangoni. Shule ilikuwa na fomu iliyoitwa Ridhaa ya Mzazi, ambayo ukiitia saini unakubali mtoto "apumzike nyumbani" mpaka hali itakaporuhusu, na ombi lako linafutwa. Hakuna kati yao ambaye angeisaini. Mmoja akisaini, ombi la mwenzake linabaki peke yake na linakufa.

Kuanzia hapo simu hazikukatika.

"Fundi, umeamkaje?"

"Nimeamka na sindano mdomoni. Sema haraka, Bwana Vifurushi."

"Nina mzigo wako wa nyuzi hapa."

"Sijaagiza nyuzi."

"Basi nitaagiza mimi, nilete, upokee, usaini. Mtu atafanyaje ili akuone?"

Alileta koti lake kibandani kwa Fundi libadilishwe zipu. Zipu ya nusu saa ikachukua alasiri nzima. Bosi alikuja na baba yake, akasimama mlangoni ameziba masikio kwa sababu ya cherehani, na Fundi akaizima mara moja bila kuambiwa. Mpeleka vifurushi aliliona hilo. Alikuwa amezoea watu wanaosema mzoeshe tu, atazoea, na mkewe alipoondoka alisema hivyohivyo. Kifungo alikuwa sakafuni na safu yake ya vifungo. Bosi akaenda kuketi upande wa pili wa safu, taratibu, bila kugusa hata kimoja.

"Baba yake Kifungo aliondoka akisema kwao hawajawahi kuzaa mtoto wa hivyo," Fundi alisema, akikata uzi kwa meno.

"Kwao wamemzaa yeye, na bado wanaringa?"

Alicheka mpaka sindano ikamdondoka. Jioni alijikuta anaimba huku akipasi, na akajikaripia. Mwanamke mwenye vita hana muda wa kupendeza, alijiambia, halafu akafungua kabati kutafuta ile blauzi ya kijani inayomkaa vizuri shingoni.

Ilikuwa wiki ya sita mwalimu mkuu alipomwita. Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa sauti laini, fundi wa kupaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Mama, nakuonea huruma. Unahangaika peke yako. Mwenzako mwenye busara ameshakubali." Akasukuma karatasi mezani. Ilikuwa nakala ya ukurasa wenye maneno: Mimi mzazi nimeridhia mtoto wangu apumzike nyumbani. Chini yake, kiganja cha mwalimu kikiwa kimefunika sehemu iliyobaki, palionekana saini moja.

Fundi aliijua saini ile. Ilikuwa na mkia mrefu na nukta mbili, na alikuwa nayo kwenye karatasi za mizigo ya nyuzi asizoziagiza, ambazo alizihifadhi kwenye droo kama mjinga. Alitoka bila kuaga. Barazani alimkuta Kifungo anautazama ukuta, akihesabu nyufa. Akapiga simu palepale.

"Roho yangu, nilikuwa nataka..."

"Nijibu neno moja. Ulisaini au hukusaini?"

"Nilisaini? Lini? Ah, ile ya ofisini, ya juzi? Nilisaini, lakini ilikuwa barua tu, nilitaka nikwambie..."

"Kumbe ulisaini!"

"Fundi, ngoja..."

"Nilimwambia mtoto wangu atarudi darasani. Nilimwambia kwa kinywa changu. Usinipigie tena."

Akakata. Mpeleka vifurushi alipiga tena mara tisa, akaja kibandani mara mbili, na mara zote mbili alikuta mlango umerudishwa na cherehani inaunguruma kwa nguvu, ilhali hakuna nguo inayoshonwa. Hasira ya Fundi ilikuwa ya haki na ilimuuma yeye zaidi ya mtu yeyote. Kifungo, ambaye hakupenda kuulizwa maswali, alipanga vifungo kila alasiri na kuacha nafasi tupu upande wa pili wa safu.

Wiki mbili baadaye Fundi aliitwa ofisi ya elimu kuchukua barua. Karani, kijana mwenye tai iliyobana, alimfungulia daftari kubwa, karatasi nyeupe ikiwa imelazwa nusu ya juu ya ukurasa.

"Saini hapa tu, mama. Kwamba umepokea."

Kalamu ilikuwa tayari mkononi. Lakini Fundi ni fundi. Miaka kumi na tano hajawahi kukata kitambaa kabla ya kukigeuza kuona upande wa ndani. Akaiondoa ile karatasi nyeupe.

"Mama, hiyo haikuhusu!"

Ukurasa ulisema: Mimi mzazi nimeridhia mtoto wangu apumzike nyumbani. Chini yake zilipangwa saini, mstari baada ya mstari. Za akina mama, za akina baba, nyingine za dole gumba. Ya sita ilikuwa na mkia mrefu na nukta mbili.

Huyo ni mtu ambaye kutwa nzima anasainishwa na kusainisha, mlango baada ya mlango, pale kidole kinapoelekeza. Naye alifunikiwa kwa karatasi nyeupe; angeiondoa saa ngapi? Fundi alihisi moyo unampasuka kwa aibu, halafu aibu ikageuka moto. Alilishika daftari kwa mikono miwili kifuani, akatoka nalo koridoni.

"Nani hapa aliambiwa asaini kwamba amepokea barua?" Sauti yake ilifika mpaka ngazini. "Njooni msome mlichopokea! Wametuchezea shere, na watoto wetu wamekaa kwenye stoo!"

Kwa mkono mmoja alipiga simu. "Njoo ofisi ya elimu."

"Umesema nisi..."

"Njoo! Nimekukosea, nitakuomba radhi baadaye, sasa hivi njoo!"

Alifika baada ya dakika kumi na mbili, zipu mpya imefungwa mpaka kidevuni. Afisa elimu alikuwa ametoka mlangoni, tumbo mbele, anadai daftari lake. Wazazi saba walikuwa wamemzunguka.

"Huyu mama anapinga saini ambayo si yake," afisa alisema. "Wewe ni nani kwa huyu bwana mpaka umsemee?"

Fundi alilikumbatia daftari zaidi. Kweli, alikuwa nani?

"Ni mchumba wangu," alisema mpeleka vifurushi.

"Tangu lini?" Fundi alimnong'oneza.

"Nyamaza kwanza, tutagombana nje." Akamgeukia afisa. "Na saini ni yangu. Nilipokea barua. Sikumtoa mwanangu shule. Futa, andika tarehe, na muhuri. Simu za wazazi wote hawa zinapiga picha, tabasamu."

Ilichukua saa moja na nusu. Afisa alifoka, akaita mlinzi, mlinzi naye akasema mjukuu wake yuko ukurasa ule. Mwishowe saini zote zikapigwa mstari, moja baada ya nyingine, na wakapewa barua yenye muhuri: maombi mawili yamepokelewa, mwalimu msaidizi atapangwa mwanzo wa muhula ujao.

Nje, mvua ilikuwa imekatika. Fundi aliisoma barua mara mbili, mbele na nyuma.

"Nisamehe," alisema. "Nilikuuliza swali nikakata simu kabla ya jibu."

"Nimesamehe wiki mbili zilizopita. Sasa tugombane. Nimekuchumbia mbele ya karani, sina hata pete, na bado hujajibu."

Fundi hakuwa anamtazama. Alikuwa bado anatazama barua, kidole kwenye mstari wa mwisho.

"Muhula ujao," alisema. "Muhula ujao ni miezi mitatu. Kwa hiyo kesho Kifungo anarudi kutazama ukuta? Na Bosi mafagio?"

"Fundi..."

"Hapana. Kesho saa moja na nusu mimi naingia darasani na Bosi wako, na wewe unaingia na Kifungo wangu. Tunakaa nao hukohuko, mpaka huyo mwalimu aje. Wakitaka kututoa, watutoe wote wanne."

Mpeleka vifurushi alihesabu kichwani, polepole. "Wanne," alirudia. "Hilo ndilo jibu?"

"Washa pikipiki," alisema Fundi, akipanda nyuma yake na kumshika kiuno kwa mara ya kwanza. "Watoto wanatoka saa nane, na hawapendi kuchelewewa."