Chiza na Kadi ya Na

Palikuwa na mapacha, Bukuru na Butoyi. Baada yao akazaliwa Chiza.

Tangu siku hiyo, nyumba nzima iliita hivi: "Bukuru na Butoyi… na Chiza."

Nani anywe uji? Bukuru na Butoyi… na Chiza.
Nani kavunja kikombe? Bukuru na Butoyi… na Chiza.
Kikombe alivunja Bukuru. Lakini nani alimuuliza Chiza?

Chiza hakuipenda ile na. Ilikuja kila siku bila kuitwa, kama kamasi.

Walikaa Uvinza, kwenye chumvi. Bibi alichemsha maji ya chumvi uani, kwenye karai kubwa.
Blu, blu, blu, likasema karai. Maji yakaenda zake juu, chumvi ikabaki chini.

Siku moja Mwalimu Gwasa alileta darasani kitambaa kikubwa. Kilikuwa na mifuko midogo midogo, mingi kuliko akili za darasa zima.

"Hili ni jedwali la elementi," alisema. "Kila kitu kimejengwa kwa elementi. Mawe, mbuzi, na ninyi."
"Hata Zabloni?" aliuliza Chiza.
"Hata Zabloni."
Darasa likashangaa.

Zabloni ndiye aliyekula kiazi cha Chiza juzi. Alikula na maganda, asiache ushahidi.

"Na kila elementi ina atomu zake," alisema Mwalimu. "Atomu ni ndogo. Chukua punje ya chumvi, ivunje, ivunje tena, ivunje mpaka uchoke. Hapo bado hujafika."

Kisha akagawa kadi. "Kesho wazazi wanakuja. Kila mtu alete kitu chenye elementi yake, akitie mfukoni. Asiyeleta, mfuko wake utabaki mtupu, na jina lake nimeliandika chini kwa herufi kubwa."
Mwalimu mwenye huruma, huyo.

Fe ni chuma. Mwenye Fe alete msumari.
Cu ni shaba. Mwenye Cu alete waya.
O ni oksijeni, iko hewani. Mwenye O alete chupa tupu. Kazi ngumu kweli.

Zabloni alipewa Cl. Chiza akapewa kadi ya mwisho.
Ilisema: Na.

Chiza akaigeuza nyuma. Nyuma hapakuwa na kitu.
"Mwalimu," alisema, "hujamaliza kuandika."

Ngo, ngo, ngo, ikalia kengele. Kengele ikilia, wa kwanza kutoka ni Mwalimu.

Chiza akaenda nyumbani na kadi yake.
Na? Na nini?
Na tu.

Aliwaonyesha mapacha.
"Na mimi," alisema Bukuru.
"Na mimi pia," alisema Butoyi.
Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wale walijichekesha wenyewe, hawakuhitaji msaada.

Chiza akaenda uani.
"Shikamoo, Bibi."
"Marahaba. Mbona uso umekukunjamana kama chapati ya jana?"
"Mwalimu kanipa Na."
"Na nini?"
"Na tu."
Bibi akakoroga karai. "Mwalimu mzima, na suruali yake ya pasi, anakupa na tu. Mimi nilisoma mpaka darasa la pili, na hata sisi tulikuwa tunamalizia sentensi."

Chiza akatafuta chini ya kitanda. Akapata kiatu kimoja na mende mmoja.
Na? Na nini?
Na tu.

Akatafuta kwenye banda la kuku.
"Una Na?" alimuuliza kuku.
"Kwe, kwe," alisema kuku. Kuku huyo alikuwa na msaada kuliko mapacha.

Jua likaanza kushuka. Chiza akaona kesho inakuja. Akauona mfuko mtupu, na jina lake chini: CHIZA, herufi kubwa. Siku ya kwanza jina lake kukaa peke yake, bila mapacha mbele, liwe la aibu.

Akakaa juu ya gunia la chumvi, akaanza kulia.
"Usinilowanishie chumvi," alisema Bibi. "Ukitaka kulia, lilia kwenye kisiki. Kisiki hakiyeyuki."

Chiza akainuka. Akafuta machozi, akafuta gunia.
Gunia lilikuwa jipya, lenye maandishi. Juu liliandikwa CHUMVI. Na chini yake, kwa herufi ndogo: NaCl.

Chiza akasoma mara moja. Akasoma tena kwa kidole.
"Bibi," alisema polepole. "Nimeikalia."
"Umekalia nini?"
"Na."
"Na nini?"

Chiza akalitazama gunia. Leo, kwa mara ya kwanza, na ilikuwa na jibu.
"Na… Cl."
"Cl ndiyo nani?"
"Zabloni."

Maskini Chiza. Alitamani gunia liseme jina lingine. Hata la mende.

Asubuhi Chiza alifunga chumvi kwenye karatasi, akaenda shule. Misumari ikaingia mifukoni. Waya ukaingia. Chupa tupu ikaning'inizwa kwa uzi na kupigiwa makofi.

Zabloni hakuwa na kitu mkononi. Kadi yake ameikalia. Macho yake mlangoni, akiogopa mama yake asiingie.

Chiza angeweza kunyamaza. Kiazi kililiwa na maganda yake, tusisahau.
Alinyamaza kidogo. Akanyamaza tena kidogo, maana ilikuwa tamu.

Kisha akafungua karatasi.
"Zabloni. Na wewe umo humu."
"Kwenye chumvi?"
"Imeandikwa kwenye gunia. Siyo mimi niliyetaka."

Mwalimu Gwasa akaangalia chumvi. Akatabasamu, kitu ambacho si kawaida yake.
"Na ni sodiamu," alisema. "Cl ni klorini. Njooni mbele."

Akachora duara chini kwa chaki. Akaweka jiwe katikati.
"Jiwe ni kiini cha atomu. Maharage ni elektroni, zinazunguka nje. Sodiamu ana elektroni kumi na moja."
Akapanga maharage. Mbili ndani. Nane zikafuata. Nje kabisa ikabaki moja, peke yake.

Chiza akalitazama lile harage la mwisho. Nalo lilikuwa mkia.

Mwalimu akachora duara la pili, akaweka jiwe la Zabloni. Mbili ndani. Nane zikafuata. Nje zikakaa saba.
"Hapa klorini anataka nane. Amepungukiwa ngapi?"
"Moja," alisema Zabloni. Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayejua alichokula.

Chiza akachukua lile harage la mkiani. Akalisukuma taratibu, sss, mpaka kwenye duara la Zabloni.
Saba zikawa nane.

"Basi wameshikana," alisema Mwalimu. "Sodiamu peke yake ni mkorofi, ukimtia majini anawaka. Klorini peke yake ni sumu. Wakishikana, tunawatia kwenye maharage na kula."
Wakorofi wawili, wakawa kiungo. Ndoa nyingine haziishii hata hapo.

Chumvi kidogo ikaingia mfuko wa Na, kushoto. Chumvi kidogo ikaingia mfuko wa Cl, kule kulia. Mbali kabisa. Chiza hakulalamika.

Mama yake Zabloni akaingia, akaona mfuko umejaa. Zabloni akapumua.
Saa ya kwenda nyumbani akampa Chiza kiazi. Kilikuwa kimeng'atwa upande mmoja, lakini kwa Zabloni, hiyo ni zawadi.

Usiku ukaingia. Karai likapoa. Bibi akasimama mlangoni na taa.
"Laleni. Bukuru na Butoyi… na Chiza."

Chiza akahesabu kwa vidole chini ya shuka.
"Bibi."
"Nini tena?"
"Bukuru umemtaja mara moja. Butoyi mara moja. Mimi umenitaja mara tatu."
"Mara tatu wapi?"
"Na, na, Chiza."

Mapacha wakahesabu. Wakahesabu tena. Hawakucheka.

Bibi akashusha utambi wa taa.
"Lala, Na," alisema.
"Na nini?" aliuliza Chiza.
"Na tu."

Fuu, ikazimwa taa.