Koki Iliyotiwa Kufuli

Mtaani kwa Mama Pindo maji yalikuja yalipotaka. Leo yapo, kesho hayapo, keshokutwa yanatoka saa moja tu kisha kimya. Kwa hiyo nyumbani kwake walikuwa na mazoea yao. Bomba la jikoni liliachwa wazi, na ndoo chini yake. Maji yakija, ndoo inapiga kelele, na aliye karibu anakimbia kukinga.

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani. Jina hilo alipewa na wateja, kwa kuwa pindo lake halifumuki. Mwezi huo alishona sare nyeupe kumi na mbili za wauguzi wapya. Wangeapishwa Alhamisi ya wiki ya pili. Alizipiga pasi, akazikunja, akazipanga juu ya zulia jekundu katika chumba cha kushonea. Kisha yeye, mumewe na binti yao wakafunga mlango, wakaenda likizo ya wiki moja kwa wakwe.

Walirudi Jumapili mchana. Binti alitangulia kuingia.

"Mama! Nyumba imejaa maji!"

Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu. Mlango wa jikoni ulikuwa umevimba. Zulia lilikuwa limechuja rangi, na zile sare nyeupe sasa zilikuwa na mabaka mekundu, kama mtoto mwenye surua. Mama Pindo alizishika, akaziachia. Hakulia. Alikasirika.

"Nani ameniharibia kazi yangu?" alifoka. Akamgeukia mumewe. "Wewe ndiye uliyetoka wa mwisho!"

"Nilikuwa nabeba mabegi yako, mke wangu," mumewe alijibu.

Akawageukia watu wa maji, ingawa hawakuwapo. "Tukiwepo wanatunyima, tukiondoka wanafungulia!" Mwisho akashuka ngazi hadi kwa jirani wa chini, mzee aliyestaafu udereva. Hata hodi hakupiga.

"Mzee, siku zote uko hapa. Hukuona maji? Ujirani gani huu?"

Mzee alikuwa chumbani kwake, katikati ya sufuria tatu zilizokinga matone kutoka darini. Akasimama taratibu.

"Unaniuliza mimi ujirani? Tazama dari yangu! Tazama godoro! Siku tatu nalala kwenye kiti. Nimekupigia simu mpaka nimechoka, hupatikani. Nikasema nifunge koki yako kuu ya maji, pale chini ya ngazi. Nikakuta nini? Kufuli! Ningelivunja, ningeitwa mwizi. Kama maji yasingekatika yenyewe jana, ningekuwa naogelea. Haya niambie, nani alitia kufuli?"

 Kufuli alilitia Mama Pindo mwenyewe. Alimwona mzee huyu mdaku, akaamini iko siku atamfungia maji ili kumkomoa. Ufunguo ulikuwa ndani ya mkoba wake likizo nzima.

Mumewe aliita fundi bomba, dada mmoja mwenye ovaroli. Kabla hajakanyaga ndani, dada fundi aliuliza, "Umeme mmezima?"

Hawakuwa wamezima. Wote watatu walikuwa wametembea ndani ya maji, soketi zikiwa karibu na sakafu.

"Mna bahati," alisema, akazima swichi kuu. "Msiwashe mpaka nyumba ikauke na fundi umeme aikague."

Aliingia jikoni, akashika bomba. "Hili liko wazi."

"Huwa tunaliacha hivyo," binti alisema. "Asubuhi ya safari mama alilifungua tena anawe mikono, maji hayakutoka, akaliacha wazi."

Binti akamtazama mama yake. Mama akatazama ukuta.

Dada fundi akaingiza mkono kwenye tundu la sakafuni, lile la kutolea maji. Akavuta bonge la mabaki ya vitambaa. "Na hivi?"

"Vya kuzuia mende," Mama Pindo alisema kwa sauti ndogo.

Wahenga walituhimiza tuzibe ufa. Hawakututuma kuziba njia ya maji!

"Mama, sasa nani alaumiwe?" dada fundi aliuliza. "Maji yakimwagika hayazoleki. Sikiliza ya kesho. Ukisafiri, funga koki kuu. Hapo hata bomba likisahauliwa, hata mpira wa choo, ule unaoingiza maji, ukipasuka, hakuna maji mapya yatakayoingia. Ukishaifunga, fungua bomba, maji yaliyobaki yatoke, kisha lifunge. Kwenye tundu weka wavu. Mende hapiti, maji yanapita. Kazi za wateja ziweke juu ya meza. Na ufunguo wa nyumba mwachie jirani."

"Jirani huyu?"

"Una mwingine chini yako?"

Jioni ile Mama Pindo aliwapigia simu wauguzi, akasema ukweli wote.

"Sasa tutaapa tumevaa nini?" kiongozi wao aliuliza kwa ukali.

"Sare zangu. Nitashona upya," alijibu.

Lakini ashonee wapi, na kwake hakuna umeme? Akashuka tena kwa mzee. Safari hii alipiga hodi.

"Mzee, bomba niliacha mimi. Kufuli nilitia mimi. Nisamehe."

"Sijakusamehe," mzee alisema. "Lakini wauguzi wamekosa nini? Sebule yangu ni kavu. Leta cherehani."

Siku tatu cherehani ikalia pale sebuleni, na mzee akilalamika kila saa. Mume naye alikuwa chumbani kwa mzee akitengeneza dari. Alhamisi wauguzi kumi na wawili waliapa, wote wamevaa sare nyeupe.

Likizo iliyofuata, Mama Pindo aliondoa kufuli na kufunga koki kuu. Alifanya yote aliyofundishwa, akamkabidhi mzee ufunguo wa nyumba. Siku ya nne simu ikalia.

"Mama Pindo!" mzee alifoka.

 "Kuna nini, mzee?"

"Maji yamekuja kwa nguvu. Nyumba ya pili mpira wa choo umepasuka, vyombo vinaelea! Nikakimbilia kwako. Nimekagua jikoni, chooni, kote."

"Na nguo za wateja?"

"Ziko mezani, kavu. Sakafu kavu. Nimepanda ngazi na magoti haya, nimejiandaa kukugombeza, nisikute hata tone moja!"

Mama Pindo akamwomba radhi kwa kumnyima ugomvi.